Analima kunde na havuni: mwenye shamba wa Marekani na ayala asiye wake

Kuna video za aina moja ambazo zimezoeleka sasa kwenye simu za watu wetu. Mzee wa Kimarekani mwenye kofia amesimama katikati ya kunde zilizomfika magotini. Anaeleza alivyopima udongo, alivyomwaga chokaa, alivyosubiri mvua. Kisha anasema, kwa furaha kabisa, kwamba hatavuna hata punje moja, zote ni za wanyama wa porini. Chini ya video maoni yanamiminika. Mmoja anauliza huyu ni mfugaji wa aina gani. Mwingine anamjibu kwamba wanyama ni wake, si wako shambani kwake? Wa tatu amekasirika: kama anawapenda hivyo, mbona mwisho wa video anampiga mmoja risasi na kichwa kinaishia ukutani?

Mkanganyiko huo una sababu. Jambo lenyewe limekaa katikati ya kilimo, ufugaji, uwindaji na uhifadhi, na sisi tumezoea kuviona hivyo kama vitu vinne vyenye ofisi tofauti na maofisa tofauti. Tuanze na maneno.

Mnyama anayezungumzwa kisayansi huitwa Odocoileus virginianus. Ana mkia ambao upande wa chini ni mweupe, na akishtuka huuinua na kukimbia nao kama mtu anayepunga leso. Kusini mwa Sahara hatuna mnyama wa asili wa ukoo wake, ndiyo maana watu humwita swala, paa au kulungu, kila mtu na lake. Waliotafsiri Biblia walimwita ndugu yake ayala, nami nitalishika neno hilo, kwa sababu tofauti kati ya ayala na swala ndiyo inayoendesha biashara nzima.

Tofauti iko kwenye pembe. Swala, pofu, tandala na hata mbuzi wako wa nyumbani wana pembe za kudumu: kiini cha mfupa kimevikwa gamba gumu la kitu kilekile kinachotengeneza kucha. Huanza kuota utotoni na hukaa mpaka kifo. Pembe za ayala ni mfupa mtupu, na dume huziangusha kila mwaka. Mwisho wa baridi kichwa kiko wazi. Majira ya kuchipua yanapoingia zinaanza kuota upya, zimefunikwa ngozi laini kama mahameli iliyojaa mishipa ya damu, na zinakua kwa kasi ambayo viungo vichache vya mamalia vinaifikia. Kufikia Septemba mfupa umekomaa, ngozi inakauka, na dume anaisugua kwenye miti mpaka itoke. Novemba, kwa maeneo mengi ya kaskazini, ni msimu wa kupandana. Januari hadi Machi pembe zinadondoka, na mzunguko unaanza tena.

Kwa hiyo pembe za ayala ni taarifa ya mwaka mmoja. Zinaeleza mnyama alikula nini, ana umri gani na alipita katika msimu wa namna gani. Hakuna tandala anayeweza kukupa taarifa hiyo.

Neno la pili ni nyara. Kwa msomaji wa Tanzania neno hili lina harufu ya mahakama: fulani amekutwa na nyara za serikali, amepandishwa kizimbani. Kwa mwindaji wa Marekani nyara ni dume mwenye pembe kubwa kiasi cha kutunzwa na kuonyeshwa. Ukubwa hupimwa kwa utepe, kwa inchi: urefu wa shina kuu la kila pembe, urefu wa kila tawi, unene katika sehemu maalumu, na upana kati ya pembe mbili. Vyote vinajumlishwa, kisha tofauti kati ya kulia na kushoto inapunguzwa. Kanuni zinazotumika sana ni za Boone and Crockett Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, kabla hajawa rais. Ili ayala mwenye pembe za umbo la kawaida aingie katika kumbukumbu zao za kudumu lazima afikishe inchi 170. Rekodi ya umbo hilo ni inchi 213 na sehemu 5 kwa 8, ya dume aliyepigwa na mkulima Milo Hanson huko Saskatchewan, Kanada, mwaka 1993. Wawindaji wengi wataishi na kufa bila kumwona kwa macho dume wa inchi 170.

Sasa swali la mali ya nani, ambalo ndilo linalowachanganya watu zaidi.

Ayala wa porini si mali ya mwenye shamba. Ni mali ya umma, na serikali ya jimbo ndiyo mwangalizi. Mwenye shamba anamiliki udongo, miti, kunde na lango. Anaweza kumzuia mtu asiingie, au kumtoza ada ya kuingia kuwinda, na wengi wanaishi kwa ada hiyo. Lakini yeye mwenyewe akitaka kuwinda katika ardhi aliyoirithi kwa babu yake anafuata msimu uliotangazwa, idadi iliyopangwa na kibali cha jimbo. Nyama ya ayala wa porini haruhusiwi kuiuza. Ataila, atawagawia majirani, ataitoa sadaka, basi.

Mfano wa karibu ni mfuga nyuki. Mzinga umeutundika wewe, maua umeyapanda wewe, lakini nyuki hakuuliza mpaka wa shamba uko wapi. Anakwenda kwa jirani asubuhi na kurudi jioni, na akiamua kuhama, huna polisi wa kumshtaki. Tofauti ni kwamba asali ni yako bila ubishi. Mwenye shamba la ayala hana hata uhakika huo.

Ugumu wa sheria hii ulitokana na aibu. Karne ya 19 ayala waliwindwa kibiashara, nyama na ngozi vikauzwa mijini, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 makadirio yakawa chini ya nusu milioni katika nchi nzima. Mwaka 1900 ikapitishwa sheria ya Lacey iliyozuia kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliopatikana kinyume cha sheria. Mwaka 1937 ukawekwa mfuko wa kodi, ambayo leo ni asilimia 11, juu ya bunduki ndefu na risasi, fedha zikielekezwa kwa majimbo kuhudumia wanyamapori. Leo makadirio yanazunguka milioni 30. Wamekuwa wengi mpaka wanagongwa na magari na kula bustani za watu mijini, jambo ambalo aliyeishi mwaka 1900 asingeliamini.

Kwetu pia mnyamapori hamfuati mwenye ardhi. Kenya na Tanzania wote ni wa dola, ingawa Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na Tanzania bado inagawa vitalu vya uwindaji. Afrika Kusini ndiko mambo yalikokwenda upande mwingine: sheria ya mwaka 1991 inamtambua mwenye shamba lenye uzio wa kutosha kuwa mmiliki wa wanyama walio ndani. Nadhani wengi wetu tukiona video ya Marekani tunaisoma kwa macho ya Afrika Kusini, na hapo ndipo tunapopotea.

Turudi kwa mzee wa kunde. Kama ayala si wake na hawezi kumuuza, anashughulika na nini? Anashughulika na ardhi. Huko Texas takriban asilimia 95 ya ardhi iko mikononi mwa watu binafsi, kwa hiyo afya ya ayala wa jimbo zima inaamuliwa na wenye mashamba, watake wasitake. Mwaka 1975 wanabiolojia wawili wa Texas, Al Brothers na Murphy Ray, walichapisha kitabu kilichowashawishi wengi kwamba tatizo la madume wadogo ni la usimamizi. Mwaka 1988 mwanabiolojia Joe Hamilton akaanzisha huko South Carolina chama cha kueneza fikra hiyo. Msingi wake unatajwa kila siku kwa maneno matatu: umri, lishe na nasaba. Yanatajwa kwa pamoja kana kwamba yana uzito sawa. Hayana.

Umri ndio rahisi kueleza na mgumu kutenda. Dume wa mwaka mmoja na nusu bado anajenga mwili. Mfikirie kama baba mwenye mshahara mdogo: unga kwanza, kodi ya nyumba, ada ya watoto, na kikibaki kitu ndipo nguo ya sikukuu. Pembe ni nguo ya sikukuu. Mpaka mifupa na misuli imalize kukua, kati ya mwaka wa tatu na wa nne, pembe zinapata makombo. Baada ya hapo mshahara ni uleule lakini ada zimeisha. Pembe hufikia kilele kati ya miaka mitano na saba hivi. Kwa hiyo dume yuleyule, katika msitu uleule, akiachwa miaka minne zaidi, anageuka mnyama mwingine kabisa.

Na ili aachwe, mtu lazima akae juu ya mti na bunduki mapajani, amwone dume mzuri wa miaka miwili akipita mita thelathini kutoka kwake, na asifyatue. Kisha afanye hivyo tena mwaka unaofuata, akijua kwamba dume huyo anaweza kuruka uzio kesho na kupigwa na jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya madume waliowindwa nchini humo walikuwa wa mwaka mmoja na nusu. Siku hizi ni chini ya theluthi moja. Hakuna mbolea wala mbegu iliyoleta badiliko hilo. Watu wameacha kufyatua.

Umri wa mnyama hai husomwa kwa umbo. Anayejua kununua ng'ombe mnadani haanzi na pembe, anaangalia mgongo, kifua, miguu. Dume kijana ana tumbo lililopanda na miguu inayoonekana mirefu kuliko mwili. Aliyekomaa kifua kimeshuka, shingo imevimba na kuungana na mabega, mgongo umeanza kulegea. Akishapigwa, taya hueleza zaidi: tangu mwaka 1949 C. W. Severinghaus wa New York alipoeleza namna ya kusoma kulika kwa magego, wanaosimamia mashamba wamekuwa wakitunza taya kama wahasibu wanavyotunza risiti.

Tanzania fikra hiyohiyo imo katika kanuni za uwindaji wa kitalii kuhusu simba: tangu mwaka 2010 dume anayewindwa anatakiwa awe amefikisha miaka sita. Sababu za simba ni tofauti kidogo, kwa kuwa dume mpya akiteka kundi huua watoto wa aliyetangulia. Lakini mbinu ni moja, kumwacha mnyama amalize kazi yake kwanza.

Lishe ndiyo yenye video nyingi, na ndiyo yenye uongo mwingi. Kishamba cha malisho kinapendeza kwenye picha, tena kuna kampuni zinazouza mbegu kwa mifuko yenye picha ya dume la kutisha. Mimi nilipoanza kufuatilia mambo haya nilicheka kuona kinachopandwa. Kunde zetu hizi, zenye asili ya Afrika, zinapandwa kusini mwa Marekani kwa ajili ya ayala. Fiwi pia, ambayo jikoni Murang'a ni njahi, Texas wameizalishia aina yao inayoitwa Rio Verde, na ayala wanaifyeka majani usiku kucha. Hata mtama mrefu hupandwa, si wa kuliwa tu bali kama pazia, ili mnyama apite bila kuonekana kutoka barabarani. Bibi wa Kikuyu aliyempikia njahi mama aliyejifungua na ayala wa Texas wanakutana kwenye mmea mmoja bila kujuana. Ongeza klova, soya, ngano na jamii ya kabichi kwa ajili ya baridi, na una orodha ya kawaida.

Ila kishamba hicho kwa kawaida ni asilimia chache tu za ardhi yote. Ayala hula kidogokidogo, akichagua kama mbuzi: chipukizi hili, jani lile, mbegu za mwaloni zikidondoka. Si mlaji wa nyasi kama ng'ombe. Sehemu kubwa ya chakula chake ni magugu na vichaka vya mwituni, na hapo ndipo mwenye shamba mwenye akili anapoweka nguvu. Adui yake mkubwa ni kivuli. Msitu mzuri wa kupiga picha, wenye miti mirefu iliyofungana juu, chini yake ni jangwa. Jua halifiki, hakuna kinachoota kati ya ardhi na urefu wa mdomo wa mnyama. Mgeni anaona pori la kijani. Ayala anaona ghala tupu.

Dawa yake ni msumeno na moto. Mwenye shamba hukata miti isiyo na faida, huacha mialoni inayozaa vizuri, na kwenye mwanga uliopatikana vichaka huchipua vyenyewe bila kununua mbegu. Mingine anaikata nusu na kuiangusha ikiwa bado imeunganika na kisiki, majani yaendelee kuishi karibu na ardhi, na maficho yapatikane. Kila baada ya miaka michache anachoma moto wa chini, uliopangwa, wenye mipaka na watu wa kuulinda. Wafugaji wetu hawahitaji kufundishwa kwa nini nyasi huchomwa kabla ya mvua. Ni elimu ileile, ila huko ilikatazwa kwa miongo mingi kabla ya kurudishwa kwa heshima.

Na udongo. Shamba lenye udongo mchachu halitibiki kwa mbegu ya bei ghali, ndiyo maana mzee wa video alianza na kipimo na chokaa. Hiyo dakika ya kwanza ya video ndiyo yenye maana, na ndiyo watu wanayoiruka.

Sasa tufike pale ambapo wapenda wanyama hukasirika. Ili madume wawe wakubwa lazima majike wapigwe. Ukisikia mara ya kwanza inaonekana ni ukatili uliovaa koti la sayansi. Hesabu inasema vingine. Mwaka 1928 ayala sita, madume wawili na majike wanne, waliwekwa ndani ya uzio wa George Reserve huko Michigan, eneo la ekari 1,146 ambalo baadaye lilikuwa la chuo kikuu cha jimbo hilo. Miaka sita haikupita, walipohesabiwa walikuwa takriban 160. Jike aliyeshiba huzaa mapacha, na binti yake anaweza kuanza kuzaa mapema sana. Bila puma, mbwamwitu au mwindaji, ardhi hujaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni: kila aliyepanda amefika, lakini hakuna aliyekaa vizuri. Wanyama wanakula mpaka mwisho wa pale mdomo wao unapofika, kiasi kwamba msitu unaonekana umekatwa kwa mkasi kwenye urefu mmoja. Ndege wanaotaga vichakani wanakosa pa kutagia. Mialoni michanga haifiki popote. Na wote, madume kwa majike, wanadumaa.

Mwenye shamba anayejivunia kwamba hapigi majike, anawahurumia, mara nyingi ndiye mwenye ayala waliokonda kuliko wote. Hilo liliwasumbua wazee wa huko pia, kwa sababu walilelewa wakati ayala wamekwisha, na kumpiga jike ilikuwa dhambi. Baba aliyefundishwa hivyo mwaka 1940 si rahisi mwanawe ambadilishe.

Neno la tatu, nasaba, ndilo linalopendwa na wavivu. "Hapa kwetu mbegu ni mbaya." Na dawa inayofuata ni kuua madume wenye pembe mbaya ili wasizae. Inaingia akilini kwa mtu yeyote aliyewahi kuhasi fahali dhaifu. Lakini kwa mnyama wa porini haifanyi kazi, au kwa kiasi kidogo mno cha kuonekana. Kwenye ranchi ya Comanche, kusini mwa Texas, watafiti walijaribu kwa miaka kadhaa: sehemu moja waliwaondoa kwa ukali madume wa pembe duni, nyingine kwa kiasi, nyingine wakaiacha. Pembe hazikuboreka. Walichofanikiwa ni kupunguza madume. Sababu iko wazi ukifikiri kidogo. Nusu ya urithi iko kwa jike, na jike haonyeshi pembe. Madume ni wengi wanaozaa, kila mmoja watoto wachache, hakuna fahali mmoja wa kijiji. Na vijana wa kiume, nusu yao au zaidi, huhama walikozaliwa na kwenda kuishi kilometa nyingi mbali. Unachuja shamba lako, unapokea wa jirani.

Halafu kuna utafiti wa South Dakota ambao mimi naupenda kuliko mwingine wowote katika mada hii. Ayala wa milima ya Black Hills ni wadogo, wa mashariki mwa jimbo ni wakubwa, na watu waliamini ni mbegu tofauti. Watafiti wa chuo kikuu cha huko wakachukua watoto wa pande zote mbili, wakawalisha chakula kilekile kizuri. Wa milimani wakabaki wadogo. Ungesema basi, mbegu imethibitika. Lakini watoto wa hao wa milimani, wale ambao mama zao walishiba wakiwa na mimba, walikua kufikia wenzao wa mashariki. Njaa ya mama ilikuwa imeandikwa kwenye mwili wa mtoto, na ilihitaji kizazi kizima kufutika. Anayelima kunde mwaka huu analima kwa ajili ya pembe ambazo hazijazaliwa.

Kuhusu mawe ya chumvi na madini, nitapita haraka. Wafugaji wetu wanajua magadi yanavyowavuta ng'ombe. Ayala nao huvutwa, hasa majira ya joto, na kamera zinazofungwa mtini na kujipiga zenyewe hupata picha nzuri. Kwamba jiwe hilo linaongeza inchi za pembe kwa mnyama wa porini, ushahidi ni dhaifu. Muuzaji hatakwambia.

Mahindi yanahitaji maelezo zaidi. Watu huwamwagia ayala mahindi wakati wa theluji kwa huruma. Aliyewahi kufuga mbuzi akavunja stoo ya mahindi anajua mwisho wake: tumbo linavimba, tindikali inajaa, mnyama anakufa na chakula tumboni. Tumbo la ayala wakati wa baridi limejipanga kuchakata vijiti na magome, likipokea nafaka ghafla linavurugika vilevile. Na kuna hatari kubwa zaidi, ya kuwakusanya wengi mdomo kwa mdomo.

Mwaka 1967, katika kituo cha utafiti huko Colorado, ulionekana ugonjwa wa ayala kukonda, kutokwa udenda, kutembea kama mlevi na kufa. Ni wa familia moja na kichaa cha ng'ombe. Hauletwi na bakteria wala virusi, bali na prioni, protini iliyojikunja vibaya na kuzifanya nyingine zijikunje hivyohivyo mpaka ubongo unatoboka kama sifongo. Hauna chanjo wala tiba. Mnyama hubeba miezi mingi bila dalili, na prioni hudumu udongoni kwa miaka. Sasa umefika zaidi ya majimbo 30. Hakuna binadamu aliyethibitika kuupata, lakini mamlaka za afya zinashauri nyama itokayo maeneo yenye ugonjwa ipimwe, na ikikutwa nao isiliwe. Sehemu nyingi zimepiga marufuku kumwaga chakula.

Hapa kanuni nzuri ya umri inapata mwiba. Wanaoambukizwa zaidi ni madume wakubwa, kwa sababu wanazunguka sana na kugusana na wengi. Kuwaacha wazeeke, jambo nililolisifu aya kadhaa juu, penye ugonjwa kunaweza kuwa kuutunza. Maofisa wa baadhi ya majimbo wanataka idadi ishuke na madume wapunguzwe. Wenye mashamba waliongoja miaka mitano wanasikia hilo kama tusi. Kwa maoni yangu maofisa wana hoja nzito zaidi, ingawa namwelewa anayekasirika.

Bado zile picha za madume wenye pembe kama kichaka cha miiba, matawi arobaini, mnyama hawezi kuinua kichwa. Wale wengi wametoka kwenye mazizi, si porini. Ni biashara nyingine kabisa: uzio wa mita mbili na nusu, mbegu za dume zinauzwa kwa mirija, chakula cha mfuko. Boone and Crockett hawampokei mnyama aliyepigwa ndani ya uzio asioweza kuutoka. Mtu anayetaka kujadili uwindaji wa nyara na aanze kwa kutenganisha vitu hivi viwili, maana lawama za zizi humwangukia mzee wa kunde ambaye hana hata uzio.

Na kutokuwa na uzio ndiko kunakomlazimisha aongee na majirani. Dume mzima anazunguka maili moja ya mraba au zaidi, sawa na ekari 640, na wenye mashamba wengi hawana hata robo ya hizo. Kwa hiyo huunda ushirika. Watu kumi wanakubaliana mezani, bila karatasi ya wakili, kwamba hakuna atakayepiga dume wa chini ya miaka mitatu, na majike wangapi waondolewe mwaka huu. Ushirika huo una magonjwa yale tunayoyajua kwenye vikoba: mmoja anavunja ahadi, anasema giza lilikuwa limeingia, na mwaka mzima wenzake wanamtazama kwa jicho la pembeni.

Februari, theluji ikianza kuyeyuka, mwenye shamba huingia msituni bila bunduki. Anatembea polepole akiangalia chini, mara nyingi na wajukuu au mbwa, akitafuta pembe zilizodondoka. Akiipata anaipima, anailinganisha na ile ya mwaka jana ya dume huyohuyo, anajua kwamba amevuka baridi akiwa hai. Lazima awahi, kwa kuwa panya na kuchakuro nao wanazitaka kwa ajili ya madini, na wakitangulia yeye anakuta kipande kilichotafunwa. Katika majimbo mengi, pembe hiyo aliyoiokota kwenye ardhi yake anaibeba nyumbani bila kumwomba mtu kibali.